Familia ya Makorora: Majani ya Kahawia

Mama Idrisa: Asalam alaykum. Idrisa karudi na sifuri ya kuchora. Mwembe kaupaka majani kahawia, shina kijani. Mwalimu anasema hasikilizi.

Da Mwaju: Waalaykum salaam wifi. Huyo kamrithi baba yake. Mpaka leo kaka yangu anavaa soksi mbili mbili tofauti 😂

Baba Idrisa: Dada, zile ni haraka za asubuhi. Macho yangu mazima.

Kaka Hatibu: Ngojeni kwanza. Mama Idrisa, umemsahau marehemu baba yetu? Nyanya anayo mkononi, anamuuliza muuzaji kama imeiva.

Mama Idrisa: Weee! Na embe alikuwa anabonyeza tu, hatazami.

Rehema (nesi): Basi ndiyo hiyo. Upofu wa rangi, nyekundu na kijani zinamchanganya. Jeni yake, yaani maelekezo ya urithi, iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni mwilini. Mtoto wa kiume X anapewa na mama, baba anatoa Y. Shemeji hata angekuwa nao huo upofu, asingeweza kumrithisha Idrisa.

Da Mwaju: Kumbe kosa la wifi 👀

Rehema (nesi): Kosa la nani, Da Mwaju? Baba yetu alikuwa na X moja tu, na sisi mabinti wote tumeipata. Dada yangu anayo, na mimi ninayo. Sisi tunaona vizuri kwa kuwa X ya pili, ya mama, inatutosha. Ila kila mtoto wa kiume tunayemzaa ni nusu kwa nusu.

Kaka Hatibu: Mbona mimi naona?

Rehema (nesi): Wewe baba alikupa Y. X yako ya mama. Wanao hawana cha kurithi hapo.

Mama Idrisa: Na Zuhura wangu?

Rehema (nesi): Anaona, maana X ya baba yake ni nzima. Lakini huenda kaibeba, akaja kumpa mwanawe.

Baba Idrisa: Sasa mimi mwanangu nimempa nini?

Rehema (nesi): Kromosomu 23 shemeji, nusu yake nzima! Na hiyo Y uliipata kwa baba yako, naye kwa baba yake, karibu vile vile ilivyo.

Da Mwaju: Na pua. Pua ni ya kwetu, hilo halina mjadala.

Baba Idrisa: Na upara je?

Rehema (nesi): Upara una jeni nyingi, za pande zote mbili. Mojawapo kubwa iko kwenye X, ya mama.

Baba Idrisa: Alhamdulillah, mzee wenu kazikwa na nywele zake 😂

Da Mwaju: Sikoseli nayo ni ya mama?

Rehema (nesi): Hapana, ile mpaka baba na mama wote watoe. Wote wakiwa wabebaji, yaani wana jeni moja yake bila kuugua, kila mimba ina robo ya hatari. Wanaotaka kuoana wakapime kwanza.

Mama Idrisa: Idrisa ana dawa?

Rehema (nesi): Huu wa kuzaliwa nao hauna dawa, wala hauzidi. Mpeleke kwa daktari wa macho, kuna kipimo cha namba zilizofichwa kwenye vidoti. Penseli zake ziandike majina ya rangi. Na mwalimu aambiwe.

Baba Idrisa: Kesho asubuhi niko shuleni.

Kaka Hatibu: Shemeji, nenda na mama yake. Wewe utagombana.