CG 125 ya Ujiji, DT 125 ya Kasulu au BSA ya mzee wa Isevya: nichukue ipi?

Mapezi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, salaam. Najua nusu yenu mtaniambia ninunue Boxer mpya nikae kimya, kwa hiyo nianze na hilo. Bodaboda ninayo, amepewa kijana, inaleta hesabu jioni. Hii ninayotafuta ni ya kwangu mwenyewe. Nataka pikipiki ya zamani, injini ya kupozwa na upepo, mapezi yanaonekana, kiki ya mguu, hakuna rejeta wala kompyuta. Marehemu baba alikuwa bwana shamba Kalinzi, nimekua nikipakiwa mbele yake juu ya tenki, basi huu ugonjwa si wa leo.

Zimenijia tatu.

Ya kwanza ni Honda CG 125, iko Ujiji. Ni ile ya zamani ya volti 6 yenye pointi, taa yake usiku ni kama kibatari. Inawaka kwa kiki ya pili. Inavuja oili kidogo kwenye kava ya klachi. Boksi la cheni bado lipo, kitu ambacho sijakiona miaka mingi. Kadi ipo, ina jina la mjomba wa muuzaji.

Ya pili ni Yamaha DT 125, ile tu-stroku (inayounguza oili pamoja na petroli) ya bloku la mapezi, iko Kasulu. Ilikuwa ya mradi. Inakwenda kama mshale. Kadi "inafuatiliwa".

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi: BSA Bantam, imelala stoo kwa mzee mmoja Isevya, Tabora. Mara ya mwisho kuwashwa hata yeye hakumbuki. Kwenye picha aliyonitumia mjukuu wake kuna kuku anaatamia juu ya kiti. Bei yake ni ndogo kuliko zote, na nadhani maana yake mnaijua.

Njia zangu: Mwanga hadi Ujiji karibu kila siku, na mara mbili kwa mwezi napanda Kalinzi kwa mama. Ipi?

Kijana wa Gungu

Boxer.

Mapezi

Nilisema mimi!

Mama Asali (Urambo)

Kaka, chukua CG ulale. Mimi ninayo ya aina hiyohiyo, nabebea madumu ya asali kutoka porini kuja mjini, na kazi kubwa niliyowahi kuifanyia njiani ni kubadili plagi na kukaza cheni. Kuhusu taa, mafundi watakushawishi ugeuze mfumo wote uwe wa volti 12. Inawezekana, ila usikubali fundi abandike betri ya 12 juu ya koili ya 6 akuambie "itazoea". Yangu ilizoea siku mbili.

Hilo boksi la cheni usiliache kwa muuzaji. Watu huling'oa kwa kuona ni la kizee, halafu kila masika wananunua cheni na spoketi. Mchanga wa huku unakula cheni kama mchwa.

Injini za Maji (Kibirizi)

Nampinga dada kwa heshima. Kigoma ni mji wa tu-stroku! Mwaloni Kibirizi mitumbwi ya dagaa inasukumwa na mashine za tu-stroku, mafundi wamejaa, wanafungua bloku macho yamefumba. DT haina valvu, haina kamshafti, haina tapeti za kupima. Pistoni, ringi, kranki, umemaliza. Na oili yake inauzwa palepale mwaloni, huhitaji kuagiza Dar. Kilima cha Kalinzi CG itakukokota wewe, DT utaikokota klachi ili isikurushe.

Fundi wa Kiloleni (Tabora)

Naona mnagombea majina ya viwanda wakati adui wa injini zote hizi tatu ni mmoja, joto.

Injini ya mapezi haina maji ya kuiokoa. Moto unatoka kwenye bloku na kichwa, unaingia kwenye mapezi, upepo unaubeba. Upepo ukikatika, umekwisha. Huku kwetu mwezi wa tisa na wa kumi, mchanga mzito, gia ya kwanza, tairi linazama, unakwenda mwendo wa mtu wa miguu na injini inalia kwa nguvu zake zote: hapo ndipo zinapofia, si kwenye lami kwa spidi 80. Ukiona inapoteza nguvu usiilazimishe. Zima, kaa chini ya mwembe, ipe robo saa. Na tope! Tope la mbuga likikauka katikati ya mapezi ni blanketi. Nimewahi kuletewa injini iliyonoki, nikakwangua udongo kwenye mapezi kwa bisibisi ukajaa sahani. Mwenyewe alikuwa anaosha tenki na rimu kila asubuhi mpaka unajiona uso.

Sasa ndugu wa Kibirizi, hiyo oili ya mwaloni ndiyo ninayotaka kuisemea. Oili ya injini za boti, ile yenye maandishi TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa. Injini hiyo haipati moto mkali kama bloku la mapezi linalopanda kilima. Ukiitia kwenye DT, ikifika kwenye joto lile haiwezi kulinda ringi, ringi zinaganda, siku moja unasikia pikipiki inazidi kuwa nzito halafu tairi la nyuma linakamata. Tafuta oili ya tu-stroku ya pikipiki, kwenye chupa angalia JASO FC au FD. Ukikosa kabisa, ile nzuri ya misumeno ya kukatia miti ni afadhali, kwa sababu msumeno nao ni tu-stroku ya kupozwa na upepo. Ndiyo maana nasema mtu wa Tabora asiye na ziwa anaweza kununua oili sahihi ya DT kirahisi kuliko mtu wa Kigoma aliyezungukwa na tu-stroku.

Jambo lingine kwa mtu wa Kalinzi. Kupanda kila mtu anaogopa, mimi naogopa kushuka. Kwenye injini ya kuchanganya, oili inasafiri na petroli. Ukishuka mteremko mrefu umefunga mafuta, gia inakokota injini kwa mzunguko mkubwa, petroli inayoingia ni kidogo, na oili ni kidogo vilevile. Injini inazunguka mkavu. Kila baada ya muda kidogo vuta mafuta, ilambe. Bantam ni ya kuchanganya kwenye tenki, kiwandani walisema sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli. DT ina tenki lake la oili na pampu, Yamaha wanaita Autolube, inafuata mzunguko wa injini na mkono wa mafuta, kwa hiyo inasamehe zaidi. Lakini hizi za miradi nyingi pampu imeshafungwa, wanachanganya kwa kukadiria na kifuniko cha soda. Kabla hujatoa hela fungua kava uone.

Injini za Maji

Fundi, mimi hiyo ya boti naitia kwenye Yamaha AG 100 yangu, tu-stroku ya mapezi vilevile, mwaka wa sita huu, haijawahi kunoki.

Fundi wa Kiloleni

Unatoka Kibirizi unafika Mwanga kabla injini haijapata joto la kuchemshia chai. Ipeleke Manyovu umepakia gunia, halafu uniandikie.

Mwalimu wa Fizikia (Tabora)

Mnaisahau BSA wa watu. Kuna kitu kizuri katika orodha ya Mapezi, sijui kama mwenyewe amekiona: Bantam na Yamaha wana babu mmoja. DKW wa Ujerumani walikuwa na pikipiki iitwayo RT 125. Vita ya pili ilipokwisha michoro yake ilichukuliwa kama fidia. BSA wa Birmingham wakaitoa mwaka 1948 kwa jina la Bantam, ila waliugeuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo, ndiyo maana gia ikaangukia mguu wa kulia. Warusi nao walitoa ya kwao. Na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata RT hiyohiyo. Kwa hiyo ukiweka DT na Bantam kwenye banda moja umewakutanisha mabinamu.

Sasa ukweli mchungu. Gia kulia, breki ya nyuma kushoto. Wewe mguu umezoea pikipiki za kawaida, siku moja unapanda Bantam, mbuzi anakatiza, mguu unakanyaga palepale ulipozoea: umebadili gia badala ya kufunga breki. Pili, nati zake ni za vipimo vya Kiingereza. Spana yako ya 13 itakaa, itateleza, itakula kona, na nati ikishakuwa duara ni kazi ya patasi. Tatu, injini iliyolala miaka yote hiyo sili za kranki zimekauka. Tu-stroku inavuta pumzi kupitia kwenye kranki, sili ikivuja inavuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, tunarudi kwa maneno ya fundi. Usiipige kiki hata moja kabla ya kubadili sili na kuangalia silinda ndani.

Ila watu wa Kigoma kuogopa chuma cha zamani ni ajabu. Meli yenu ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande kwenye masanduku, ikazamishwa 1916, ikatolewa majini 1924 na kurudi kazini. Mkishindwa na pikipiki ya kilo mia mtatuangusha.

Mha wa Buhigwe

Mwalimu ametukana ukoo mzima kwa adabu. Wanyamwezi bwana.

Karani (Kigoma)

Mimi sijui pistoni, najua karatasi. Hiyo DT ya mradi: muulize muuzaji namba ya zamani ilikuwaje. Kama ilikuwa ya DFP, yaani ya miradi ya wafadhili, iliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Ikienda kwa mtu binafsi kodi inadaiwa, na asipolipa aliyeuza utabanwa uliyenunua. Omba karatasi za mnada na risiti ya kodi, siyo "inafuatiliwa". CG: mjomba yuko hai? Kama yuko hai asaini mwenyewe hati ya mauziano. Kama amefariki, kuna msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye muuzaji wako, siyo mpwa. Kwa zote, lala chini na tochi, soma namba ya fremu na ya injini tarakimu kwa tarakimu, linganisha na kadi. Kutu isiwe kisingizio, futa.

Mama Asali

Niongeze petroli. Ile ya kwenye chupa barabarani iache. Tangu 2010 mafuta yanawekwa vinasaba (kemikali ya alama) ili kuwabana wachakachuaji, lakini chupa ya soda haina wa kuipima. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inagonga injini na kuipasha moto, na hizi za mapezi hazina pa kuupeleka huo moto wa ziada.

Fundi wa Kiloleni

Dada umemaliza. Kwa CG niseme machache kwa kuwa haina makuu. Honda walipoibuni katikati ya miaka ya 70 walijua itakwenda kwa watu wasiobadili oili, wakaiacha kamshafti ya juu, wakaiweka chini na fimbo za kusukuma valvu. Tapeti zake pima injini ikiwa ya baridi kabisa, milimita 0.08 pande zote mbili. Haina filta ya karatasi, ina wavu tu na kikombe kinachozunguka, kwa hiyo oili ikichafuka imwage, usiihurumie. Na usitie oili ya gari ya kuokoa mafuta, klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, itateleza. Tafuta iliyoandikwa JASO MA.

Spea: SanLG na wenzake wengi wa Kichina ni watoto wa CG, vitu vingi vinaingia. Vingi, siyo vyote. Pistoni ya CG 125 ni milimita 56.5. Boda nyingi siku hizi ni 150, pistoni yake 62. Nenda dukani na pistoni yako mkononi, usiende na jina.

Mapezi

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Shikamoo Fundi.

Kasulu nilikwenda. Kava nikafungua, pampu ya oili haipo kabisa, tundu limezibwa na kipande cha bati na gundi. Nikauliza wanachanganya vipi, kijana akanionyesha kifuniko cha soda. Namba ya zamani ilikuwa DFP kweli, risiti ya kodi hakuna. Niliijaribu kidogo na nakiri, Injini za Maji hukudanganya, ile kitu inarusha. Nilirudi kwenye basi bado natabasamu, lakini nilirudi na hela yangu.

CG nimechukua. Mjomba yuko hai, anakaa Bangwe, alisaini huku akiniambia nisiiuze kwa watoto. Tapeti moja ilikuwa imebana mno, ya eksozi, tulipoipa nafasi yake ikaacha kuzima kwenye taratibu. Sili ya kava ya klachi nimeiacha kwanza. Jumapili nimepanda Kalinzi. Kweli inakokota: baada ya Mwandiga nilikuwa nyuma ya lori la ndizi, upepo unatupiga mgongoni, nikasikia harufu ya oili ya moto, nikasimama robo saa kama nilivyoambiwa. Watoto wakaja kuishika mapezi, nikawafukuza wasiungue. Mama alipoisikia mlio kabla hajaniona alitoka nje na khanga moja.

Jana mjukuu wa mzee wa Isevya kapiga simu. Kuku ameshaangua, kiti kiko wazi, na mzee anauliza kama bado nipo.

Fundi wa Kiloleni

Marahaba. Spana za inchi ninazo.

Mapezi

Treni ya lini inafaa?

Kijana wa Gungu

Boxer!