Oveni ya milioni 30: nitumie wastani wa gharama ya mtaji au gharama ya pesa mpya?

Mwokaji_LungaLunga: Habari za jioni wanajamvi. Kiwanda chetu cha mkate hapa Viwandani kina mtaji wa milioni 100: mkopo wa benki milioni 40 kwa riba ya asilimia 15, na milioni 60 za wenye hisa, wanaotarajia asilimia 20. Tunataka oveni ya milioni 30 itakayorudisha asilimia 17 kwa mwaka. Nipime kwa kipi?

Hesabu_Rongai: Wastani. Riba hutolewa kwenye faida kabla ya kodi, na kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo mkopo unakugharimu 10.5. Mara 0.4, sehemu ya mkopo kwenye mtaji, ni 4.2; ya hisa, 20 mara 0.6 ni 12. Jumla 16.2. Oveni inapita.

Dada_wa_Mikopo: Ndugu, hiyo ni bei ya pesa zilizokwisha kuingia. Leo benki wanataka ngapi? Na faida mliyobakiza bila kugawa ni kiasi gani?

Mwokaji_LungaLunga: Wanataka asilimia 17. Tumebakiza milioni 12. Hisa mpya, pamoja na wakili na ada, zinafika asilimia 23. Lakini hiyo milioni 12 si ya bure?

Dada_wa_Mikopo: Si ya bure hata kidogo! Ni ya wenye hisa. Mngewagawia, wangenunua hata hati fungani za serikali. Hesabu 20 ile ile. Sasa, mkibaki na mgawo ule ule, asilimia 60 ya pesa mpya itoke kwa wenye hisa, kwa hiyo gawanya 12 kwa 0.6: milioni 20. Hadi hapo, kwa mkopo mpya wa 11.9 baada ya kodi, gharama ni 16.76. Kuanzia hapo faida imekwisha, mnauza hisa, na kila shilingi inagharimu 18.56. Oveni imeanguka.

Mzee_Kayole: Imeanguka, ila si kwa 18.56. Oveni hainunuliwi nusu. Milioni 20 kwa 16.76 na 10 kwa 18.56 zinakupa 17.36, hiyo ndiyo ya kulinganisha na 17. Tena, huo uzito wa 40 kwa 60 umetoka vitabuni, yaani kwenye thamani zilizoandikwa zamani, si bei ya leo? Kampuni za Soko la Hisa la Nairobi zina bei ya kila siku. Nyinyi jiulizeni mnunuzi angetoa ngapi leo.

Hesabu_Rongai: Nimekubali. Nilipima kwa pesa za zamani.

Mwokaji_LungaLunga: Ni za vitabuni, mzee. Kuna oveni ndogo ya milioni 20, nayo inarudisha 17.

Dada_wa_Mikopo: Hiyo inapita kwa 0.24 tu. Ngano ikipanda kidogo, imeliwa. Rudia hesabu kwa bei ya unga ya juu kabla ya kuweka sahihi.

Mwokaji_LungaLunga: Narudia usiku huu, na uzito mpya pia. Asanteni sana.