Tupeane uzoefu: ile "s" ya Kiingereza inakaa kwenye jina au kwenye kitenzi?

Nyamagana:
Wadau wa Kanda ya Ziwa, "the boats leaves" bado imejaa madaftarini. Mwenye njia inayoshika aiweke hapa pamoja na mfano.

Igoma:
Mzizi uko kwenye lugha yetu. Kwetu wingi hugonga kote: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Mtoto akiona "s" kwenye "boats" anaibandika na kwenye kitenzi, akidhani amepatanisha. Kiingereza ni kinyume. Kitenzi cha mazoea huchukua "s" kwa mmoja tu: "the boat leaves", "the boats leave". Msiwafundishe kuhesabu "s" lakini, maana "children" haina na "bus" inayo ya kuzaliwa nayo. Waweke kiwakilishi mahali pa jina: ikikubali "he", "she" au "it", kitenzi kinapata "s", ikikubali "they", hakipati.

Nansio:
Hapo sawa, ila sentensi ndefu ndizo zinazowamaliza. Zungushia kitenzi duara, kisha kata kwa penseli kila kipande kinachoanza na "of", "in", "between" au "with" kabla yake. "The bridge between Kigongo and Busisi crosses the gulf": majina mawili yameegemea kitenzi, mtoto anaandika "cross". Ukikata, linabaki daraja, moja. "A basin of sardines costs" ni hivyo hivyo. Chenye bei ni beseni, siyo dagaa. Na "together with" haijumlishi. "And" ndiyo hujumlisha.

Kirumba:
Mnasahau ngeli! Maji yamemwagika, mafuta yamepanda, nywele zimekatika: kwetu vyote ni wingi, ndiyo maana watu wanaandika "the water are". Kiingereza kinasema "water is", "oil is", "hair is". Mizigo nayo, ikiitwa "luggage", ni "is" hata ijaze meli. Upande wa pili, mkasi wetu mmoja ni "the scissors are", suruali moja iliyochanika ni "the trousers are". "Police" ni "are" daima. Askari mmoja ni "a police officer".
Samaki ndiye rahisi kuliko wote, anzeni naye. Sato mmoja mkononi, "this fish is fresh". Tenga zima, "these fish are fresh". Jina halisogei, kama kwetu: samaki huyu, samaki hawa.

Sengerema:
Fupi tu: "does" ikishatangulia imebeba "s" yote. "Does the ferry stop here?", siyo "stops". Baada ya "can", "must" na "will" pia hakuna "s". Wakati uliopita unaobadilika ni "was" na "were" peke yake.

Magu:
"Ten thousand shillings" ni "is" au "are"?

Igoma:
Ikiwa nauli au bei, ni kiasi kimoja: "ten thousand shillings is enough". Noti kumi zilizotandazwa mezani: "ten notes are on the table". Chungeni na hii, inafanana hivyo: "the number of fishermen is", lakini "a number of fishermen are". Ya kwanza inazungumzia idadi, ya pili wavuvi wenyewe.