Tupeane uzoefu: uliyewahi kumsaidia mzazi kununua gari ya familia iliyotumika, ulianzia wapi?

Wakuu habari za humu. Mzee wangu anataka gari ya familia, used, ya kumpeleka bi mkubwa kliniki na kubeba wajukuu wikiendi, na kazi ya kuitafuta nimeachiwa mimi. Wengi wetu tukiambiwa tafuta gari tunakimbilia muonekano na ukubwa wa injini, yule atakayeipanda kila siku hata hajaulizwa. Mimi nimeanza na magoti ya mama. Nilimwomba aingie na kushuka kwenye gari za aina mbalimbali, ile ya chini sana anashuka kwa kujivuta huku kashika mlango, ile ya juu sana anahangaika kutafuta pa kukanyaga. Iliyomfaa ni ambayo siti iko karibu usawa wa makalio yake akiwa amesimama, anageuka tu anakaa. Naombeni uzoefu wenu, hasa kwenye ukaguzi.

---

Mkuu nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Sisi tulifika tukakuta boneti ya moto, eti alitoka kuiosha, tukaomba kurudi siku nyingine na safari hiyo tukaikuta ya baridi, ile kuwaka tu ikatema moshi wa bluu halafu baada ya muda ukapotea kabisa. Bluu ni oili inaungua, inaweza kuwa ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na moshi wa sili mara nyingi injini ikishapata moto huuoni tena. Baba alikuwa ameshaipenda ile gari, moyo wote uko pale. Sikubishana naye, nilimwita asimame nyuma ya ekzosi aone mwenyewe, maana mzazi ukimwambia "hii mbovu" mbele ya muuzaji unamvunjia heshima.

---

Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma, usizitegemee peke yake. Tazama raba ya pedali ya breki, stelingi, na siti ya dereva upande anaoingilia. Kama kilomita ni chache ila raba imelika hadi chuma kinaonekana, hapo kuna jambo. Na tairi jamani! Ubavuni kuna maandishi yanaanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ndio tarehe, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari tuliyomchagulia mama tairi zake zilikuwa na kashata nzuri tu, yaani meno ya tairi hayajalika, ila zimezeeka, zina nyufa ubavuni, tukapunguziwa bei tukaweka mpya kabla hajaiendesha.

---

Naongezea, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake. Gari iliyozama kwenye mafuriko huoshwa ikanukia vizuri, lakini ile sehemu ya mkanda inayobaki imejikunja ndani watu wengi hawaigusi, unaweza kukuta ina alama ya matope. Inua na kapeti uguse chini kama kuna unyevu, angalia na kutu kwenye bolti za siti. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi, hiyo haina mjadala.

---

Wanangu, mimi ni mzazi, nilinunuliwa gari na watoto wangu na nawashukuru sana, nawaombea kila siku. Lakini hii gari kila kitu kiko kwenye skrini, hata kuongeza feni lazima nitoe macho barabarani, na mimi nilizoea kitufe ambacho kidole kinakijua. Hakuna aliyenipa niiendeshe kabla ya kulipa. Kwa hiyo kijana uliyeanzisha uzi, mpe mzee wako funguo, akae yeye kwenye stelingi, mama akae anapokaaga, na wajukuu nyuma na siti zao za watoto zikiwa zimefungwa, mzunguke. Arudi kinyumenyume, apaki, na jioni giza likianza kuingia aone kama taa zinamtosha. Fundi wenu mwende naye, ila asiongee yeye tu, mzee aulizwe.

---

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Kumpa funguo sikuwa nimewaza kabisa. Jumamosi tunaenda wote, na wajukuu wanakuja na siti zao.