Mhasibu mwenye uzoefu, nipo nje na familia, kazi ya taaluma sipati kabisa

MamaWawili: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nimekwama. Mimi ni mhasibu, nina digrii na nilifika mahali nasimamia wenzangu, mume akapata kazi nje tukahama na watoto. Kibali changu kinaniruhusu kufanya kazi ila kila nikiomba naambiwa sina uzoefu wa huku, au kimya tu. Zinazopatikana haraka ni usafi na kuhudumia wazee, sizidharau, lakini mtoto mdogo lazima aende deikea (kituo cha kulea watoto mchana) na nikipiga hesabu mshahara wangu wote unaishia huko. Mume anasema nitulie, yeye anatosha. Ila inaniuma jamani, naona taaluma inaniponyoka hivi hivi. Nichukue kazi yoyote au niendelee kusubiri?

Kalamu_Nyeusi: Pole sana dada. Kwanza angalia kazi gani inadai leseni na ipi haidai. Daktari, nesi, mwanasheria, hao hawana ujanja, lazima bodi ya nchi husika iwapitishe. Uhasibu una nafuu kidogo, anayebanwa na leseni ni hasa yule anayesaini ripoti za ukaguzi, lakini kuandaa mishahara, kulipa wasambazaji, kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, hizo kwa kawaida hudaiwi leseni. Omba hizo hata kama ni chini ya cheo ulichoacha. Na digrii ipeleke ikafanyiwe tathmini, Uingereza ni UK ENIC, Kanada wengi wanatumia WES, Ujerumani kuna anabin unaangalia mwenyewe bure kama chuo chako kinatambulika. Bila hiyo karatasi mtu wa ajira (HR) anaona chuo asichokijua anaruka.

Baba_T: Naongezea, angalia ACCA, sifa ya kimataifa ya uhasibu. Mitihani ni 13 na mwenye digrii ya uhasibu anaweza kusamehewa mpaka 9, na ile miaka 3 ya uzoefu wanayotaka si lazima iwe ya nchi uliyopo, ya nyuma inahesabika. Kama ulikuwa unaandaa hesabu kwa IFRS (viwango vya kimataifa vya hesabu) iandike juu kabisa kwenye CV, inatumika nchi zaidi ya 140, Marekani ndio wana viwango vyao, US GAAP, na huko wanataka CPA, leseni ya uhasibu ya jimbo. Kuhusu kazi yoyote, mimi siafiki moja kwa moja. Nimeona watu wanaingia shifti za usiku wakisema ni ya muda tu, halafu mtu anarudi asubuhi hana nguvu hata ya kufungua kompyuta aombe kazi, mwaka unakatika. Ukichukua, iwe ya masaa machache.

Dada_Mkubwa: Mdogo wangu mimi nina neno kwenye hiyo hesabu yako ya deikea. Kwa nini inakatwa kwenye mshahara wako peke yako? Watoto ni wenu wote, kaa na shemeji mpige hesabu ya nyumba nzima, kipato chote upande mmoja matumizi yote upande mwingine, utaona picha nyingine kabisa. Deikea ni miaka michache mtoto anaanza shule, lile pengo kwenye CV ndio litakusumbua. Huku unasubiri jitolee uwe mweka hazina wa shirika la hisani au kamati ya wazazi shuleni, hapo unapata mtu wa hukohuko wa kukushuhudia kazini (referee) na uzoefu wa huko wanaokudai.

MamaWawili: Asanteni sana, dada hilo la deikea naliongea na mume leo leo. Swali moja, CV ninayotuma ina picha, dini na hali ya ndoa, niviache au nivitoe?

Kalamu_Nyeusi: Kama uko Uingereza, Marekani au Kanada toa vyote, weka kurasa mbili tu. Na usiandike "nilihusika na malipo", andika ulikuwa unalipa wasambazaji wangapi kwa mwezi na kwa programu gani.