Naomba ushauri: mabuti ya kauboi yananibana ubavuni, na kisigino kinapwaya

Msambaa wa Houston (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Houston, nikifanya kazi katika ghala la vipuri. Mkuu wangu wa zamu ametutangazia kwamba Ijumaa ya Go Texan, yaani ile inayotangulia kufunguliwa kwa maonyesho makubwa ya mifugo na rodeo (mashindano ya wachunga ng'ombe), kila mmoja wetu aje kazini amevaa kikauboi. Miaka miwili iliyopita nilijificha nyuma ya shati la mirabamiraba, lakini safari hii nimeamua kununua mabuti ya kweli, ambayo nitayavaa hata baada ya siku hiyo kupita.

Nilikwenda katika duka moja kubwa ambalo ukuta wake mzima, kutoka sakafuni hadi darini, ni mabuti matupu. Muuzaji aliniuliza namba yangu, nikamjibu 10, kwa sababu raba zangu zote ni namba 10 ya Kimarekani. Nilipolivaa buti la namba hiyo, likanibana vibaya upande wa kidole gumba na upande wa kidole cha mwisho, akaniletea 10 na nusu, nikaona afadhali kidogo, nikalipa dola 220 na kuondoka. Sasa kila jioni ninayavaa na kutembea nayo juu ya zulia. Ubavuni bado yananibana, na wakati huohuo kisigino cha mguu kinapanda na kushuka ndani ya buti kwa kiasi cha upana wa kidole. Sielewi kiatu kimoja kinawezaje kuwa kidogo na kikubwa kwa pamoja.

Sijayatoa nje, risiti ninayo, na ninaruhusiwa kuyabadilisha ndani ya siku 30. Naomba kujua kama niyavumilie hadi yalainike au niyarudishe, na nikiyarudisha nichague ncha ya namna gani na kisigino cha urefu gani. Lipo pia jambo jingine ninaloona haya kuliuliza: je, Mtanzania aliyevaa mabuti ya kauboi haonekani kama mtu aliyeazima mila za wenyewe?

Fundi Soli

Ndugu Msambaa, yarudishe, tena kabla hujakanyaga nayo lami.

Mimi ni fundi viatu hapa Fort Worth, na kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja mwenye asili ya Meksiko ambaye, kabla ya kuugusa mguu wa mteja, alimtaka kwanza aisahau namba ya raba zake. Raba imejaa sifongo na ina kamba, kwa hiyo ikikosea kidogo unaikaza na mambo yanakwisha. Buti la kauboi halina kamba, halina zipu, wala halina gidamu. Kinacholishika mguuni ni ile ngozi inayopita juu ya mgongo wa mguu, kati ya vidole na kifundo, na hapo ndipo panapotakiwa kukaa kama kilemba kilichofungwa na mtu anayejua kufunga, yaani pasikuumize na pasihame.

Kosa lako ni la wengi wetu tuliokulia ndala na pekupeku, nalo ni kuutibu upana kwa kuongeza urefu. Mguu wako si mrefu, ni mpana. Kwa mabuti ya wanaume, herufi D huonyesha upana wa kawaida na EE huonyesha buti pana, ilhali kwa wanawake upana wa kawaida huandikwa B. Muuzaji alipokuongezea nusu namba alikupa takriban milimita 4 za urefu ambazo hukuzihitaji, na upana wa kudanganyia tu. Matokeo yake ni kwamba sehemu pana ya mguu wako, pale penye mfupa ulio chini ya kidole gumba, haikai tena kwenye sehemu pana ya buti. Buti linakunjika mahali pake, mguu unakunjika mahali pake, na kisigino ndicho kinacholipa deni hilo kwa kupanda na kushuka.

Ukirudi dukani, omba upimwe kwa chombo cha Brannock, kile kibao cha chuma chenye vitelezi ambacho kilibuniwa Syracuse, New York, katika miaka ya 1920. Wauzaji wengi husoma namba ya kidole kirefu tu, lakini chombo hicho hupima pia umbali wa kutoka kisigino hadi kwenye mfupa wa kidole gumba, na kwa buti hicho ndicho kipimo chenye uzito zaidi. Upimwe ukiwa umesimama, miguu yote miwili, alasiri baada ya kazi wakati miguu imeshajaa kidogo, na uwe umevaa soksi zilezile ndefu utakazozivalia buti. Sitashangaa ukiishia 9 na nusu EE.

Kisha usikilize buti lenyewe. Likiwa lako, mguu utakwama kidogo shingoni, utavuta vile vishikio viwili vya juu, na kisigino kitatua kwa sauti ya "pwa!" Ukiingia kimyakimya kama unavaa ndala za kuogea, ni kubwa. Usipoingia kabisa, mgongo wa mguu wako ni mnene kuliko buti hilo, basi jaribu la mtengenezaji mwingine, kwa kuwa kila kiwanda kina kalibu zake, yaani maumbo ya mguu yanayoshonewa viatu.

Baharia Mstaafu

Heshima kwako Fundi, lakini mbona jambo dogo linakuzwa? Nimeishi Galveston miaka mingi, na wazee wa hapa walinielekeza dawa ya buti linalobana. Unalilowesha kwa maji, unalivaa na soksi, unatembea nalo mpaka likaukie mguuni. Ngozi ni ngozi, itafuata umbo lako. Kijana ayaloweshe hayo aliyonayo, asisumbuke kurudi dukani.

Fundi Soli

Mzee wangu Baharia, shikamoo. Desturi hiyo ninaijua, na sikatai kwamba kuna watu ilowasaidia, hasa kwa mabuti ya ngozi nene ya ng'ombe yaliyokuwa ya saizi yao tangu mwanzo. Kwa kijana huyu itamharibia mara mbili. Kwanza, buti lililoloweshwa duka halilipokei tena. Pili, maji huweza kupanua ngozi ubavuni, lakini hayawezi kufupisha buti, kwa hiyo kubana kutapungua na kupwaya kutabaki palepale. Zaidi ya hayo, mabuti mengi ya siku hizi yana tabaka za ndani zilizounganishwa kwa gundi, na soli ya ngozi ikiloa hadi katikati hujikunja inapokauka. Ngozi ikibana kidogo mahali pamoja, mpelekee fundi mwenye kalibu ya kupanulia, atapalainisha kwa siku moja au mbili.

Nimesahau jambo moja ambalo huwachanganya wanunuzi wapya. Kisigino cha mguu kupanda kidogo ndani ya buti jipya si kasoro. Soli ya ngozi bado ni ngumu, na katikati ya wayo mna kipande cha chuma kinachoshikilia upinde, kwa hiyo siku za mwanzo buti hukataa kukunjika na mguu hujiinua wenyewe. Milimita 6 hadi 12 zinavumilika, na zitapungua kadiri soli inavyozoea. Upana wa kidole, ndugu yangu, umeshatoka katika hesabu hiyo.

Nyawira wa Dallas

Kaka Msambaa, pole na hongera kwa kuthubutu. Fundi amemaliza habari za vipimo, nami nitajibu kuhusu ncha, kisigino na nguo.

Ncha iliyochongoka ilikuwa na kazi yake, kwani huingia upesi kwenye kikuku cha tandiko. Kisigino kirefu kilichoinamia ndani, cha inchi moja na nusu hadi mbili, huuzuia mguu usipenye ukapitiliza upande wa pili, na shingo ndefu hukinga miiba ya mti wa mesquite. Hata kukosekana kwa kamba kuna maana, kwa sababu mpanda farasi akianguka na mguu ukanaswa, ni heri buti livuke kuliko kuburutwa. Wewe huna farasi, una sakafu ya saruji na zamu inayodumu saa nane. Chukua kisigino kifupi cha kama inchi moja, kile wanachokiita roper, na ncha ya mviringo au ya mraba mpana, ambayo siku hizi Wateksasi wengi wanaipenda. Tahadhari moja tu, kwamba ncha ya mraba haitakuongezea upana pale penye mfupa wa kidole gumba, kwa hiyo bado utahitaji EE.

Soli ya ngozi huteleza kwenye vigae vilivyolowa, ingawa kwenye ukumbi wa dansi hakuna raha inayoifikia. Kwa ghalani chagua ya mpira. Kama kanuni za kazi yenu zinadai kiatu chenye ncha ya chuma, usije ukazivunja Ijumaa hiyo kwa sababu ya sherehe, uliza mapema, kwani mabuti ya kauboi yenye kinga hiyo yapo.

Suruali ya jinzi hushuka nje ya buti. Nunua iliyopanuka kidogo chini na iliyo ndefu kuliko unavyovaa na raba, ili ukikaa isipande ikaonyesha shingo yote. Kuichomeka suruali ndani ya buti ni kwa mwenye kuvuka matope au mwenye kutaka nakshi zake zionekane, na kwa mwanamume anayeanza nakushauri uiache. Sisi wanawake tunavaa na gauni na hatuna shida hiyo, ila tupime shingo ya buti kwenye shavu la mguu kabla ya kulipa.

Kuhusu kuazima mila, ondoa hofu. Mabuti haya yalikua kutokana na mikono mingi, wakiwemo wachungaji wa Meksiko waliokuwa wakichunga kwa farasi kabla Teksas haijawa sehemu ya Marekani. Wachunga ng'ombe weusi nao walikuwa wengi katika misafara ya kuswaga ng'ombe ya karne ya 19. Bill Pickett, aliyezaliwa hapa Teksas mwaka 1870, ndiye aliyeupatia umaarufu mchezo wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumshika pembe. Hadi leo upo msafara wa mji wa Prairie View, ulioanzishwa mwaka 1957 na wapanda farasi weusi, ambao kila mwaka huja Houston kwa farasi na magari ya kukokotwa wakati wa rodeo. Nenda ukawaangalie, kisha utazame miguuni mwao.

Mteja wa Gikomba

Ninaandika kutoka Nairobi, ambako mashabiki wa muziki wa country ni wengi kuliko mnavyodhani huko, na mabuti yetu mengi tunayapata kwenye mitumba. Naomba Fundi anisaidie: buti lililokwishavaliwa nalikaguaje?

Fundi Soli

Ingiza mkono ndani kwanza. Ngozi ya kukanyagia huwa imechukua alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza, na shimo la kidole gumba chake likiangukia mahali tofauti na pako, liache, maana hutalifuta. Halafu lisimamishe mezani ulitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholika upande mmoja hubadilishwa kwa bei ndogo, lakini buti lililopinda zima halinyooki. Geuza soli utazame katikati ya wayo. Ukiona safu za vijiti vidogo vya mti vilivyopigiliwa, hiyo ni dalili ya kazi nzuri, kwani vijiti huvimba na kusinyaa pamoja na ngozi, tofauti na misumari. Nyufa pale ngozi inapokunjika karibu na vidole hazitibiki. Vumbi na ukavu hutibika kwa kitambaa chenye unyevu, sabuni ya matandiko ya farasi, kisha mafuta ya ngozi kidogo, ukiyaacha yanywe usiku kucha, mbali na jua na moto.

Kwa Msambaa, unyevu wa Houston usiuchezee. Usivae buti hilohilo siku mbili mfululizo, na usilifungie kabatini likiwa na jasho, kwa kuwa ukungu huota ndani ya wiki. Usishawishike pia na ngozi ya mbuni wala ya mamba kwa jozi ya kwanza. Mbuni ni laini ajabu na huuzoea mguu upesi, ila bei yake huenda ikawa mara mbili ya uliyolipa, nawe bado hujajua unapenda ncha gani.

Msambaa wa Houston

Ndugu zangu, nimerudi dukani jana alasiri. Mguu wangu wa kushoto umepimwa 9 na nusu, wa kulia 9 na robo tatu, na yote miwili upana ni EE. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikinunua raba ndefu kwa ajili ya upana. Nimechukua 9 na nusu EE, ngozi ya ng'ombe ya kahawia, ncha ya mraba, kisigino kifupi na soli ya mpira, nao wakanirudishia dola 15. "Pwa" nimeisikia, na muuzaji mwenyewe akacheka. Kisigino bado kinapanda kidogo sana, nadhani kwa kiasi alichokisema Fundi.

Tatizo nililobaki nalo ni moja. Jana usiku nilishindwa kuyavua hadi mke wangu akaja kunivuta, tukaanguka wote wawili.

Baharia Mstaafu

Hapo sasa nina la kusema, na Fundi hatanipinga. Chukua ubao wa urefu wa mkono wako hivi, ukate mwishoni mkato wa V unaotosha kisigino cha buti, kisha upigilie kijiti chini yake ili upande huo uinuke. Unakanyaga ubao kwa mguu mmoja, unaingiza kisigino cha mwingine kwenye mkato, unauvuta mguu wako juu. Usivue kwa kukanyaga kisigino cha buti moja kwa ncha ya lingine, utaichubua ngozi mpya.

Fundi Soli

Sipingi, mzee. Bandika kipande cha ngozi kuukuu kwenye ule mkato, usije ukauma ukingo wa soli.