Torenti ina watu 66 lakini kasi ni kilobaiti 40 tu, shida iko wapi?

Kigoda
Wakuu, laini yangu ni ya megabiti 20. Torenti (faili linalogawanwa vipande vipande kati ya watumiaji) ya Ubuntu mpya, ule mfumo endeshi wa kompyuta, inashuka kwa megabaiti 2.3 kwa sekunde bila wasiwasi. Ya Ubuntu 17.10.1, ambayo naihitaji kwa programu ya zamani, inajikokota kwenye kilobaiti 40. qBittorrent, programu ninayopakulia, inaonyesha Seeds 0 (14) na Peers 6 (52). Kupakia (kutuma kwa wengine) nimekubana kwenye kilobaiti 5 ili bando lisikate. Mbona watu wote hao hawanifai kitu?

FundiWaya
Mkuu, namba ya kwenye mabano ni hesabu ya traka, seva inayoorodhesha washiriki, yaani wote waliojiandikisha. Ya nje ya mabano ndiyo watu ulioungana nao kweli. Kwa hiyo huna hata mgawaji (seed) mmoja mwenye faili zima. Unategemea wapakuaji (peers) 6 ambao nao bado wanatafuta vipande.

Mgawaji hahitaji chochote kutoka kwako, kwa hiyo hajali unarudisha kiasi gani. Ndiyo maana Ubuntu mpya, yenye wagawaji tele, inakujazia laini yote (megabiti 20 gawa kwa 8 ni megabaiti 2.5, umefika). Mpakuaji ni mtu wa nipe nikupe. Katika muundo wa awali wa BitTorrent, programu yake hufungulia watu wanne tu na kila sekunde 10 hupima nani anamrudishia zaidi. Wewe wa kilobaiti 5 unafungiwa nje. Kila sekunde 30 hufunguliwa nafasi moja kwa mtu yeyote kwa bahati nasibu, na nadhani kilobaiti 40 zako zinatoka huko.

mzee_wa_poti
Sahihi, ila asije mtu akaondoa kikomo chote. Kupakia kukijaa, taarifa ndogo za "nimepokea" ambazo kompyuta yako hurudisha kwa kila data inayoingia hukwama kwenye foleni, na kupakua nako kunaanguka. Pima kasi yako ya kupakia, kisha weka kikomo kwenye asilimia 80 hivi. Ukipata megabiti 4, kikomo hicho ni karibu kilobaiti 400 kwa sekunde.

Halafu angalia hao wagawaji 14. Kama wewe na mgawaji nyote mko nyuma ya ruta zisizo na poti wazi (mlango wa kupokea miunganisho kutoka nje), mara nyingi hakuna anayeweza kumpigia mwenzake. Ingia kwenye ruta, soma anwani ya WAN, yaani ya upande wa mtandao wa nje. Na kwenye qBittorrent, kichupo cha General, soma Availability, yaani nakala ngapi za faili zinapatikana kwa mlioungana.

Kigoda
WAN inaanza na 100.71. Availability 0.962.

mzee_wa_poti
Anwani za 100.64 hadi 100.127 ni za kushirikiana: mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia chochote. Omba anwani ya umma, au washa IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti) kama wanayo. Vinginevyo utawafikia wale tu wenye poti wazi upande wao.

FundiWaya
Hiyo 0.962 inamaliza ubishi. Kwa wote mlioungana, asilimia 3.8 ya vipande haipo kwa mtu yeyote. Utafika 96.2 na kusimama, hata ukiwapa wenzako laini yote, mpaka mgawaji mmoja aunganike.

Usimsubiri. Tovuti ya old-releases.ubuntu.com inahifadhi matoleo yaliyostaafu. (Umefanya vizuri kuchagua 17.10.1 ya Januari 2018. Ile ya Oktoba 2017 iliondolewa kwa kuharibu BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) za baadhi ya laptop za Lenovo.) Simamisha torenti, pakua ISO (faili la Ubuntu lenyewe) kwa kivinjari, iweke juu ya lile faili pungufu, kisha bofya kulia na uchague Force recheck. Kila kipande kitalinganishwa na alama yake ya utambulisho ya SHA-1, na kama ni faili lilelile utaona 100%. Hapo wewe ndiye mgawaji, na wale 6 watapata asilimia iliyowakwamisha. Kwa ajili ya bando, weka kikomo cha uwiano (ulichopakia kwa ulichopakua) kwenye 1.0 programu ijisimamishe yenyewe.

mzee_wa_poti
Recheck ikitoa 0%, angalia jina kwanza. Vivinjari hupenda kuongeza "(1)" mwishoni, na torenti hutafuta jina lilelile herufi kwa herufi.